Tulivyojaribu simu za intaneti ofisini kwa miezi mitatu: yaliyotukuta (uzi mrefu kidogo)

Kamba_ya_Katani (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama simu za intaneti zinafaa ofisini au ni mbwembwe za mafundi kompyuta. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu kuliko swali, nikaona nifungue uzi. Kaeni vizuri.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, hapa Dar. Tuko watu 26, pamoja na tawi la watu wanne Tunduma mpakani. Kazi yetu nusu ni makaratasi, nusu ni simu. Dereva amekwama mzani, mteja anaulizia kontena lake, wakala wa meli anataka hati iliyotumwa jana. Simu ikinyamaza saa moja tunaanza kuangaliana.

Mpaka mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na laini mbili za waya wa shaba na swichibodi ukutani iliyokuwa ikinguruma kama friji bovu. Namba za ndani zilikuwa nane tu. Waliobaki walipiga kwa simu zao za mkononi, na mwisho wa mwezi kila mtu analeta fomu ya kudai vocha. Hapo ndipo bosi alipochoka. Msije mkadhani tulivutwa na teknolojia, tulivutwa na zile fomu za vocha.

Nikaambiwa nijaribu, miezi mitatu, bila kununua kitu kikubwa. Kulikuwa na kompyuta kuukuu stoo, nikaipangusa vumbi, nikaiwekea Asterisk, programu inayoigeuza kompyuta kuwa swichibodi, na FreePBX juu yake ili niweze kuiendesha kwa kubofya. Zote ni za bure. Asterisk ilianzishwa na Mmarekani mmoja, Mark Spencer, mwaka 1999 huko Alabama. Alikuwa na kikampuni cha kuwahudumia watumiaji wa Linux, akahitaji swichibodi, akaona bei, akaamua kuiandika mwenyewe. Niliposoma hivyo nikasema huyu ni mwenzetu kabisa.

Tukanunua simu sita za mezani za SIP, yaani zinazoongea lugha ya simu za intaneti. Wale wa kuzunguka bandarini nikawawekea programu ya simu kwenye simu zao za mkononi. Namba ya kupigia nje, ile ya kuanza na 022, tukaichukua kwa mtoa huduma mwenye leseni. Na nikajiwekea sharti moja ambalo mpaka leo namshukuru Mungu kwa kulishika: laini za zamani zisiguswe mpaka majaribio yaishe.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kupigiana ndani kwa ndani bure, Tunduma unabonyeza tarakimu tatu tu wanaita. Bosi akapita anapiga kila namba, "Halo, nakujaribu tu." Nikajiona mwanaume.

Siku ya pili dada wa mapokezi... Ngoja nimwite Bi Mkubwa, maana ndivyo tunavyomwita, kiti kile amekikalia miaka 19. Bi Mkubwa akanifuata mezani akaniambia, "Mwanangu, ile simu yako haipumui."

Nitaendelea, kuna lori linapigiwa kelele hapa.

---

Msela_wa_Kurasini

Nimeweka kigoda. Haipumui ndiyo nini sasa 😂

---

MwanaMvita

Salamu kutoka Mombasa. Endelea kakangu, sisi tulijaribu jambo hilihili tukashindwa vibaya, nataka kusikia nyinyi mlipitia wapi.

---

Kamba_ya_Katani

Nimerudi.

Hilo la kupumua lilinisumbua siku nzima. Nikaenda nikakaa kando yake. Simu ikaita, akainua mkonga, mteja akaongea, akanyamaza kidogo atafute namba ya kontena. Bi Mkubwa akasema, "Halo? Halo? Amekata huyu." Akataka kurudisha mkonga chini, mara sauti ikarudi, "Haya andika." Simu tatu mfululizo ikawa hivyohivyo.

Ndipo nikaelewa. Laini ya shaba haikai kimya kabisa. Ina kasauti, kama upepo wa mbali, hata mtu akinyamaza unajua yupo. Simu zetu mpya zilikuwa zimewashwa kitu cha kubana matumizi: mtu asipoongea, simu haitumi chochote. Kwenye mkonga unasikia ukimya kama wa kaburini. Kwa mtu aliyesikiliza laini miaka 19, ukimya ule maana yake ni moja tu, mtu amekata.

Nikazima kile kitu kwenye simu zote sita. Dakika kumi kazi imeisha. Lakini mimi na vyeti vyangu nisingekigundua hata mwaka mzima, kwa sababu mimi nilikuwa napima kwa kompyuta na yeye alikuwa anasikiliza.

Mkonga, wakuu, ni kile unachoshika sikioni. Wapo watakaosoma wakadhani nasema mkongo wa Taifa, zile nyaya za intaneti za nchi. Mkongo nao unakuja.

Sasa Tunduma. Wiki ya kwanza, kila tukipigiana na Tunduma, wao wanatusikia, sisi hatuwasikii. Ofisi nzima inasikia Bi Mkubwa akipaza sauti, "Mimi unanisikia? Mimi sikusikii! Kama unanisikia kata!" Na anakata kweli, maana anasikia.

Sababu ilikuwa rauta yetu ya hapa Dar. Nitaieleza kwa lugha ya barua. Simu ya SIP inapotaka kuongea inatuma kama barua. Juu ya bahasha kuna anuani ya mtumaji, na ndani ya barua yenyewe kuna anuani nyingine inayosema "sauti niletee hapa." Ukiwa nyuma ya rauta, anuani yako ni ya ndani ya nyumba, zile za 192.168, haijulikani nje ya geti. Rauta ni kama tarishi anayebadilisha anuani ya juu ya bahasha wakati wa kutoka, lakini ya ndani ya barua haigusi. Upande wa pili anaifungua, anasoma ile ya ndani, anatuma sauti kwenye anuani isiyokuwepo duniani. Mmoja anasikia, mwingine hasikii.

Kinachochekesha ni kwamba rauta nyingi zina kitu kinaitwa SIP ALG, kazi yake ni kufungua ile barua na kurekebisha anuani ya ndani. Wazo zuri. Ila nyingi zinarekebisha vibaya, zinafuta herufi hapa, zinaacha pale, barua inafika imechanwachanwa. Yetu ilikuwa hivyo. Nikazima SIP ALG, nikaiambia seva, ile kompyuta ya stoo, anuani yetu halisi ya nje, nikafungua njia za sauti, zile zenye namba 10000 mpaka 20000 ambazo Asterisk huzitumia kwa kawaida. Tunduma wakasikika.

Kama una tatizo la upande mmoja kusikia, anzia hapo kabla ya kununua simu nyingine.

---

Msela_wa_Kurasini

"Kama unanisikia kata" 😂😂 nimecheka mpaka kondakta kaniangalia

---

MwanaMvita

Wallahi kakangu, kumbe ndilo lililotuua. Sisi tulibadilisha simu mara mbili, fundi akatwambia simu ni za bei rahisi ndio maana. Hiyo ALG hatukuijua kabisa.

Halafu kosa letu la pili, simu zote tulizitia kwenye waifai ili tusitoboe kuta. Jengo letu ni la mawe, la zamani. Mtu akiinuka mezani kwenda dirishani, mwili unaenda sauti inabaki mezani.

---

Kamba_ya_Katani

Mkuu wa Mombasa, waifai kwa simu ya mezani ni kujitafutia kesi. Vuta waya. Kwa zile programu za kwenye simu za mkononi hakuna jinsi, lakini mezani vuta waya.

---

Mzee_wa_Faksi

Vijana mna mbwembwe. Niulize maswali mawili tu.

Moja. Laini ya shaba umeme ukikatika inaendelea kuita. Hiyo yenu je?

Mbili. Nimekaa Dar tangu enzi za kupiga simu Ulaya kwenye vibanda vya intaneti mjini, 2003, 2004. Unasema "hujambo", unasubiri, unadhani hajasikia, unasema tena "hujambo", wakati huohuo "sijambo" yake inafika, mnagongana. Fedha inaisha mmesalimiana tu. Leo mnaniambia nirudi kule?

---

Kamba_ya_Katani

Shikamoo mzee. Maswali yako yote mawili ni ya haki, nianze na la pili.

Enzi zile intaneti yetu ilikuja kwa setilaiti. Setilaiti ile imekaa juu ya ikweta kilomita karibu 36,000. Sauti yako inapanda, inashuka, robo sekunde imekwenda kabla hata ya kupita kwenye mitambo. Jibu nalo lipande lishuke, robo nyingine. Nusu sekunde na zaidi kati ya hujambo na sijambo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kama ya kawaida. Kwa setilaiti ile ulikuwa umeshafeli kabla hujafungua mdomo.

Mwaka 2009 Seacom wakafikisha waya wao wa baharini hapa Dar, mwezi Julai, na Mombasa wakaupata pia, wao na waya wao mwingine, TEAMS. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Dar na Tunduma sasa kwenye mkongo ninapata kama milisekunde 25. Husikii kuchelewa.

La umeme, mzee, umenishika pabaya. Laini ya shaba ilikuwa inaletewa umeme na kituo cha simu chenyewe, volti 48 kwenye waya uleule, na kituo kina betri zake. Giza likiingia ofisini simu haina habari. Za kwetu umeme ukikatika zinakufa. Na zilikufa, wiki ya tatu, saa tano asubuhi, meli imefunga gati na wateja wote wanataka kujua. Jenereta ilichukua dakika nne kuwaka, halafu simu zikachukua dakika mbili nyingine kuamka na kujisajili kwenye seva. Dakika sita Bi Mkubwa alipokea kwa laini za zamani peke yake, ananitazama. Hakusema neno. Ingekuwa afadhali angesema.

Tulichofanya baadaye: tukaachana na zile chaja ndogo za kila simu, tukanunua swichi inayopeleka umeme kwenye waya uleule wa mtandao, ile PoE. Kwa hiyo simu zinakula kutoka kabatini. Kabatini kuna UPS moja, yaani betri ya akiba, inayobeba swichi, seva na rauta. Simu moja inakula wati tatu, nne hivi, sita zote hazifiki taa moja ya zamani ya wati 60. UPS ile ile iliyokuwa inabeba kompyuta moja ya mhasibu kwa robo saa sasa inabeba simu zote mpaka jenereta iwake. Ukifikiria, tumeijenga upya ile volti 48 ya kituo cha simu, ndani ya kabati letu. Wazee walikuwa na akili.

---

Mzee_wa_Faksi

Marahaba. Angalau unakubali.

Na faksi?

---

Kamba_ya_Katani

Faksi iligoma mzee 😅 Zile kodeki, yaani mbinu za kugeuza sauti kuwa data, zinazobana sauti zimetengenezwa kwa sauti ya binadamu, milio ya faksi zinaivuruga. Ipo njia yake maalumu ya kupitisha faksi kwenye intaneti, T.38, au ukae kwenye kodeki isiyobana, G.711, lakini tulikuwa na mteja mmoja tu wa faksi. Tumemwachia laini ya shaba.

---

Bint_Dubei

Kaka uzi mtamu. Niko Dubai, kuna ofisi ya ndugu zangu hapo Dar. Je, mkiweka hiyo kitu naweza kupewa namba ya ndani nikiwa huku, wawe wananipigia kama niko chumba cha pili? Huku kupiga kwa WhatsApp kumefungwa, tunaandikiana tu na kutumiana sauti zilizorekodiwa.

---

Kamba_ya_Katani

Dada, kiufundi ni dakika tano. Lakini huko Imarati simu za intaneti zina sheria kali, zinaruhusiwa zile zilizoidhinishwa tu. Usikubali mtu akudanganye upite kichochoroni kwa VPN, ile njia iliyofichwa ndani ya intaneti, faini za huko unazijua kuliko mimi. Waulize kwanza watoa huduma wa huko programu zipi zimeruhusiwa kwa ofisi.

---

Mpiga_Hesabu

Mkuu mimi nataka namba. Inakula bando kiasi gani? Maana bosi wangu akisikia intaneti anawaza bili.

---

Kamba_ya_Katani

Namba hizi hapa. Kodeki ya kawaida, G.711, inachukua sauti kilobiti 64 kwa sekunde. Inaikata vipande vya milisekunde 20, yaani paketi 50 kila sekunde, kila moja ina baiti 160 za sauti. Kila paketi inavalishwa bahasha zake, hivyo kwenye waya inafika kama kilobiti 87, kwenda, na 87 nyingine kurudi. Watu kumi wakiongea kwa pamoja hujafika hata megabiti moja kila upande. Ukitumia kodeki inayobana, G.729, inashuka mpaka kama 31.

Kwa hiyo bando si tatizo, na ukubwa wa intaneti kwa ujumla si tatizo. Hapo ndipo nilipojidanganya mimi.

Sisi tulikuwa na intaneti ya kutosha kabisa. Na bado kila siku, ikifika saa tisa na nusu alasiri mpaka saa kumi na moja, sauti inakatikakatika. "Nina... nti... ko kwa... ." Wateja wanadhani tuko kwenye daladala. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha swichi. Nikampigia mtoa huduma nikamgombeza, akapima, akasema laini ni safi. Nikamgombeza tena.

Siku moja nikakaa naangalia grafu ya rauta saa tisa na nusu. Mshale wa kwenda nje ukapanda mpaka juu, ukakaa hukohuko. Nikatembea meza kwa meza. Ni wale vijana wa hati. Wanaskani mafaili yote ya siku, kurasa mia mbili mia tatu kwa rangi, halafu wanayapakia yote kwa mpigo kabla ofisi za serikali hazijafunga. Wamefanya hivyo miaka yote! Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu barua pepe ikichelewa sekunde tatu nani anajua? Sauti ikichelewa robo sekunde watu wawili wanagongana, na paketi ikichelewa sana inatupwa, maana neno lililopitwa halina kazi.

Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunapima mtandao wetu, simu zenyewe hazikuwa na shida. Zilizitoa nje dhambi zote zilizokuwa zimejificha: waya uliobanwa na mguu wa kabati tangu 2016, swichi ndogo ya plastiki chini ya meza ya mhasibu ambayo mimi sikujua ipo, kompyuta ya mtu anayeshusha muvi. Wiki mbili nilikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa simu.

Dawa ilikuwa rahisi. Rauta inaweza kuambiwa paketi za sauti zipite kwanza. Simu zinaziwekea alama, DSCP 46, na rauta ikiona alama hiyo inazipitisha kama gari la wagonjwa kwenye foleni ya Tazara. Halafu nikawawekea vijana wa hati kikomo cha kupakia, wasichukue barabara nzima. Mafaili yao yanachelewa dakika chache. Mpaka leo hawajagundua, naomba msiwaambie.

---

Msela_wa_Kurasini

Mmoja wao niko humu mkuu. Kumbe ni wewe!!

---

Kamba_ya_Katani

Futa hiyo komenti.

---

Mlinzi_wa_Usiku

Usalama vipi? Maana ukishaweka seva ya simu kwenye intaneti...

---

Kamba_ya_Katani

Umegusa kidonda.

Ili zile programu za kwenye simu za mkononi ziweze kupiga mtu akiwa bandarini, nilifungua mlango wa SIP, 5060, kwa dunia nzima. Ilikuwa Ijumaa mchana. Jumatatu asubuhi napitia kumbukumbu za seva nakuta maelfu ya majaribio ya kuingia: namba 100, 101, 102, wanakisia neno la siri usiku kucha, kompyuta zinazozunguka dunia kutafuta seva kama yangu. Na namba moja walikuwa wameiotea, ya majaribio, neno la siri nililiweka sawa na namba yenyewe. Uzembe wangu, simsingizii mtu.

Walipiga namba za nje, nchi ambazo hatuna hata mteja mmoja, Jumamosi yote. Kilichotuokoa ni kwamba laini yetu ya nje ni ya kulipia kabla. Kulikuwa na salio la shilingi elfu arobaini, likaisha, wakagonga ukuta. Ingekuwa ya kulipa baadaye nisingekuwa naandika uzi huu, ningekuwa natafuta kazi.

Sasa hivi mlango wa nje umefungwa. Walioko nje wanaingia kwa VPN ya ofisi kwanza. Maneno ya siri ni marefu, ya kutengenezwa na kompyuta, hakuna binadamu anayeyakumbuka. Kupiga nchi za nje kunafunguliwa kwa namba tatu tu. Na anayekosea neno la siri mara kadhaa anafungiwa nje moja kwa moja.

---

Mwanasheria_Kijana

Naongezea upande wa sheria. Kupigiana ndani ya ofisi yako kwa mtandao wako si kosa. Kupiga nje kupitia mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, si kosa. Kinachowapeleka watu mahakamani ni kuzipokea simu za kutoka nje ya nchi kwa intaneti na kuzimwaga ndani kwa SIM boksi, kile kisanduku cha laini nyingi za simu za mkononi, kana kwamba ni simu za hapahapa, bila leseni. Hiyo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inaishughulikia vilivyo. Jamaa akija kukwambia "weka hiki kiboksi ofisini kwako tu, nitakulipa kwa mwezi", mfukuze.

Swali kwa mleta uzi: mnarekodi mazungumzo?

---

Kamba_ya_Katani

Asante mwanasheria.

Kurekodi ndiyo ilileta ugomvi kuliko yote, na haukuwa wa kiufundi. Kwenye FreePBX ni kubofya mara moja. Saa nzima ya mazungumzo haifiki hata MB 30, diski ya zamani inabeba miaka. Bosi alipojua macho yakamng'aa: "Rekodi zote."

Habari ikavuja kabla sijabofya. Kesho yake kila mtu karudi kwenye simu yake ya mkononi, fomu za vocha zikaanza kurudi zilezile tulizozikimbia! Mtu akitaka kumpigia mkewe anatoka nje kwenye mwembe. Nikamwonyesha bosi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwamba huwezi kuchukua sauti ya mtu kimyakimya. Mwisho tukakubaliana inarekodiwa laini ya madai ya wateja peke yake, mteja anaambiwa kabla hajaanza kuongea, na rekodi inafutwa baada ya siku 60. Wafanyakazi wakaitwa wakaelezwa. Wapo ambao bado wanakwenda kwenye mwembe.

---

MwanaMvita

Swali la mwisho kwangu. Kuna kampuni zinakuuzia huduma yote, seva iko kwao ng'ambo, wewe unaweka simu tu. Si ni rahisi zaidi kuliko kuchunga kompyuta kuukuu?

---

Kamba_ya_Katani

Kwa ofisi ya watu watano bila fundi, ndiyo, ni rahisi zaidi. Kwetu nilikataa, na nikaonekana mkaidi mpaka tarehe 12 Mei 2024.

Mtakumbuka siku ile, Jumapili, nyaya za baharini zilikatika kusini, baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba vibaya Afrika Mashariki. Jumatatu asubuhi hakuna kinachofunguka. Sakafu ya juu yetu kuna ofisi ambayo simu zao seva yake iko Ulaya. Walikuwa hawawezi hata kupigiana chumba kwa chumba. Mtu wa chumba namba nne anampigia wa chumba namba tano, sauti inatakiwa iende Ulaya ikajisajili halafu irudi, na njia ya kwenda Ulaya imekatika. Nilimwona meneja wao koridoni anaita watu kwa majina.

Sisi seva iko kabatini. Ndani kwa ndani hatukujua kama kuna jambo. Mtoa huduma wa namba ya 022 mitambo yake iko hapahapa Dar, kwa hiyo sauti haikuhitaji kuvuka bahari kabisa. Tunduma wako kwenye mkongo wa nchi kavu. Kilichokufa ni barua pepe, na mfumo wa kampuni moja ya meli. Siku ile kila kitu kilifanyika kwa simu, na simu zilikuwepo.

Bosi akasaini kununua nyingine kumi na nane mwezi uliofuata. Mimi najua si kwa sababu ya ripoti yangu ya kurasa kumi na moja, ambayo hakuisoma. Ni kwa sababu yule meneja wa juu alishuka kuomba kupiga simu kwetu.

---

Mzee_wa_Faksi

Na laini za shaba mmezikata?

---

Kamba_ya_Katani

Moja tumeikata. Moja ipo, kwa Bi Mkubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Inabeba faksi ya yule mteja, na siku kabati likiungua tutakuwa na pa kupigia zimamoto, 114.

---

Mwanafunzi_DIT

Samahani wakuu nimechelewa uzi. Mimi nasoma, sina simu za SIP wala fedha. Naanzaje kujifunza?

---

Kamba_ya_Katani

Karibu mdogo wangu. Huhitaji fedha. Kompyuta yoyote isiyo na kazi, weka FreePBX. Usiifungulie intaneti, iache ndani ya chumba chako tu, umesoma yaliyonikuta. Tengeneza namba mbili za ndani. Moja iweke kwenye simu yako kwa programu ya bure, nyingine kwa simu ya rafiki yako, mpigiane mkiwa waifai moja.

Kabla ya kumpigia rafiki, piga *43. Hiyo ni namba ya kujijaribu, unachosema unarudishiwa mwenyewe. Sema jina lako, sikiliza linavyorudi. Halafu mwambie mwenzako chumba cha pili aanze kushusha muvi, piga tena *43, usikie jina lako linavyokatwa vipande. Ukishasikia tofauti kwa masikio yako ndipo uje tuongee mambo ya rauta. Jina lisiporudi kabisa, kagua waya kwanza, na usinitafute saa sita usiku.